Sita Tatu za Mwalimu Nyabuto

Mwalimu Nyabuto hufundisha hisabati katika shule ya upili karibu na Birongo. Alipomaliza kujenga nyumba yake, hakutaka kuiandika "Mungu ni Mwema" kama majirani. Alimwita Jaffer, mchoraji wa mabango kutoka Kisii mjini, akamtajia namba ya kuandika chini ya paa: moja, sufuri kumi na tatu, sita tatu, sufuri kumi na tatu, kisha moja.

"Hii ni simu ya nchi gani, Mwalimu?" Jaffer aliuliza.

"Ni namba tasa. Isome kutoka kushoto au kulia, ni ileile. Na hakuna kitu kinachoigawa bila kubakisha, isipokuwa moja na yenyewe."

Nyamusi, mkewe, alikuwa ndio anarudi kutoka kuchuma majani chai. Akashusha kikapu. "Baba Cynthia, mimi nimekuzalia watoto wanne, halafu unaandika tasa mlangoni?"

Sabato hiyo, baada ya ibada, Mzee Nyangau wa kanisa alifika akiwa amenuna. Sita tatu! Chapa ya mnyama wa Ufunuo, tena kwa rangi nyekundu.

"Mzee, hii ni hesabu tu," Nyabuto alijitetea. Hakusema kwamba wanahisabati wenyewe wameiita namba hiyo kwa jina la pepo wa hadithi za kale. Hilo alilimeza pamoja na chai.

Mzee akaomba karatasi, Sabato au si Sabato. Akaigawa kwa saba, namba ya Bwana. Ikabaki nne. Akarudia huku akitokwa jasho. Nne tena.

"Inakataa hata saba," alisema. "Futa hizo sita, uweke sufuri."

"Lakini Mzee, hapo itagawanyika kwa mia moja na moja!"

"Wacha igawanyike."

Jaffer akaitwa, akapaka sufuri. Tangu siku hiyo Nyabuto akawa anaingilia mlango wa jikoni ili asiuone ukuta wa mbele. Ugali wa wimbi aliubonyezabonyeza tu. Ukimsalimia, anakujibu, "Mia moja na moja, fikiria!" Nyamusi alicheka mwanzoni, kisha akachoka, akaenda kwa Mzee.

"Mume wangu anakonda kwa ajili ya sufuri tatu. Tafadhali mrudishie sita zake, hata kama ni chumbani."

Mzee akakuna kidevu. "Chumbani kwenu mimi huingia?"

"Huingii."

"Basi sijaona kitu."

Jaffer akaja mara ya tatu, akaiandika namba nzima juu ya kitanda, sita zake zote ndani. Jioni hiyo Nyabuto alimaliza ugali, akaongezewa, akaenda kulala mapema akitabasamu ukutani.

Siku hizi Nyamusi huwaambia wenzake wakingoja kupima majani chai, "Kwangu chumbani kuna wanyama wawili, lakini anayekoroma ni mmoja."