Televisheni ya Tonton

Mke wangu akisoma haya atanicheka tena, na acheke. Vita vilipopamba moto Kisangani, mjomba wake, tunayemwita Tonton, alikimbilia Isangi, akatuachia televisheni yake kubwa tumtunzie. Mimi nikanunua jenereta. Muuzaji alinionya: “Jaribu balbu kwanza. Ikiruka-ruka, usipachike televizyo, itaungua.”

Balbu ya nini? Mjanja mimi nikaficha televisheni yangu ndogo chumbani, nikajaribia ya Tonton. Ikatoa moshi. Nikaifuta masizi, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma.

Vita vilipotulia, Tonton akarudi.

“Mutoto yangu, ulinichungia muzuri. Bon, hii kubwa ubakie nayo, iko zawadi. Mimi unipe ile yako ndogo.”

“Hapana, Tonton!” nikaropoka. “Yangu bado inawaka!”