Joho Lililozidi

Wiki ya Krismasi fundi hana sikukuu. Mama huyu wa cherehani alikuwa ameshona mpaka vidole vikaota sugu: magauni ya watoto, mashati ya mabwana, na juu ya hayo yote, majoho mapya ya kwaya. Wanakwaya hakuwapima. Vifua na vimo vyao alivijua kwa kichwa, kwa kuwa ndiye aliyewashonea miaka yote. Chaki ilitangulia, mkasi ukafuata, na yeye akiwaza mambo mengine.

Mwalimu wa kwaya alipokuja kuyachukua, kila joho lilipata mwenyewe isipokuwa moja. Akalinyanyua kwa mabega. Mkono wa kushoto ulining'inia chini kuliko wa kulia.

Kwaya nzima ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye mkono wa namna hiyo: mume wa fundi, mwimbaji wa besi, ambaye wenzake walimtania kwamba anaweza kumkuna jirani mgongo bila kuinuka kwenye benchi. Naye walikuwa wamemzika kabla mvua hazijaanza.

"Hili nalo, mama?" mwalimu akauliza polepole.

"Kitambaa kilizidi."

Uongo huo haukufika hata mlangoni. Tangu lini kitambaa kikazidi kwa fundi, wiki ya Krismasi?

Mama mkwe wake, aliyekuwa pembeni akikata nyuzi, akalipokea joho na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. "Watu husema asiyekuwapo na lake halipo," akasema. "Haya, lake hili hapa."

Tangu hapo nyumba haikutulia. Upepo ukipita dirishani, joho lilivuta pumzi. Kitinda mimba wao, waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa, alianza kupita mlangoni kwa ubavu.

"Mama, ule mkono mrefu umesogea."

"Ni upepo."

"Mbona mfupi haujasogea?"

Fundi akaliendea joho. Angeweza kulifumua likawa vipande tu. Alishika wembe, akauweka. Akaushika tena, akauweka.

Lakini kilichomtisha hasa ni chakula cha Krismasi. Mumewe alikuwa na ada yake: kabla kijiko hakijaguswa, aliuliza, "Nani ana asante?" Kila mmoja akamshukuru Mungu kwa jambo lake, hata kama ni viatu visivyobana. Kisha wote wakasema amina, na yake ikaja nyuma ya zote, nzito, ikijikokota kama mtu aliyechelewa ibada. Tangu wamzike, swali lile halikuulizwa. Fundi alisema upesi, "Bwana, bariki chakula," wakala. Aliona akiuliza yeye, atakuwa amemnyang'anya mumewe kiti. Na asante yenyewe aitoe wapi?

Siku ikafika. Walirudi kutoka kanisani, wakaketi, mvuke ukapanda. Fundi akainamisha kichwa aseme lile la upesi. Mama mkwe akaufunika mkono wake kwa wake.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa. Asante ninayo. Sina wa kuniuliza."

Fundi akautazama mlango. Kisha akauliza:

"Nani ana asante?"

Mama mkwe akashukuru kwa mwana aliyepewa, hata kama hakuachiwa. Kasuku akashukuru kwa gauni, halafu akaongeza, "Na kwa baba kunikuna mgongo kutoka upande ule wa meza." Wakacheka kidogo, vichwa vikiwa chini. Zamu ya fundi ikafika.

"Asante, Bwana," akasema, "kwa kuwa mikono yangu haijamsahau."

"Amina."

Hakuna aliyegusa kijiko. Bila kuambiana walisubiri, kwa urefu wa amina moja iliyochelewa. Nyuma ya mlango kitu kikakwaruza ukuta, taratibu, kikatulia. Kasuku akafumbua mdomo aseme neno, akaufunga.

Ndipo mama mkwe akachukua kijiko.