Ufunguo Ulibaki Handeni

Mdogo wangu alikaa siku tatu amefungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali Korogwe, na ufunguo wa pingu hiyo ulikuwa Handeni, mfukoni mwa askari aliyekuwa mapumzikoni. Hakuwa mfungwa. Hakuwa na kesi. Alikuwa mgonjwa, na aliyemwita yule askari ni mimi.

Sisi ni watoto wa mkata mkonge. Baba alikuja Korogwe kufuata kazi ya shamba, akazeekea Kwamndolwa, ninakoishi hadi leo. Mdogo wangu alioa upande wa Kwaluguru, huko Handeni, akahamia huko na cherehani yake. Ugonjwa wa akili ulimwanza akiwa na miaka ishirini na kidogo. Sindano moja kila mwezi imemshikilia vizuri, kiasi kwamba wapo wateja wake ambao hawakuwahi kujua. Sindano ikikosekana, huanza kupima. Hatukani mtu, harushi mawe. Hutoka na tepu yake ya ufundi, akapima milango, mbuzi, baiskeli, watu. Akimaliza hutaja namba kwa sauti na kuendelea na safari.

Mwaka ule masika yaliharibu barabara, sindano mbili zikapita. Wifi yangu akanipigia simu. "Wifi, ameanza kupima." Sikuhitaji maelezo zaidi.

Nilimkuta mnadani, upande wa mifugo, saa nne asubuhi. Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama wima, mikono ameitanua, anapimwa kifua.

"Arobaini na mbili," akasema mdogo wangu.

"Shati litakuwa tayari lini, fundi?"

"Kitambaa kikija."

"Basi nitasubiri. Mpime na huyu ndama, naye hana nguo."

Watu wakacheka, mdogo wangu akacheka nao. Hakuna aliyekimbia. Nalisema hili kwa sababu baadaye iliandikwa kwamba alikuwa tishio kwa wananchi mnadani. Wananchi wenyewe walikuwa wamepanga foleni.

Huku kwetu dereva hakubali kumbeba mgonjwa wa akili bila askari. Haijaandikwa popote, lakini kila familia yenye mgonjwa inaijua. Akivunja kioo, nani atawajibika? Kwa hiyo ndugu huenda kituoni kuomba msindikizaji, kama mtu anavyoomba machela. Nilikwishafanya hivyo mara mbili. Mara zote alikuja askari mtu mzima, akamwambia, "Fundi, twende ukapime hospitali," naye akapanda gari mwenyewe. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya polisi. Kumbe ilikuwa tabia ya yule mzee tu, na alikwisha kustaafu.

Aliyekuja safari hii alikuwa mgeni kituoni. Njiani kurudi mnadani nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: ugonjwa, sindano zilizokosekana, na zaidi ya yote, kupima. "Afande, atakupima. Mwache tu, atamaliza."

"Nimekuelewa, mama," alisema, macho kwenye simu yake.

Mdogo wangu alitujia akitabasamu. Akamsalimia, akampima bega, akataja namba. Kisha akapeleka tepu shingoni, kama fundi yeyote anayepima kola.

Kofi la kwanza sikuliona, nililisikia. La pili nililiona. Halafu mdogo wangu alikuwa chini, goti la askari mgongoni mwake, na pingu inabanwa. Nilisikia meno ya pingu yakikaza, moja baada ya jingine, hadi pakawa hapana tena pa kukaza.

"Afande, alikuwa anapima kola!"

"Alitaka kuninyonga. Wewe hukuona?"

Yule mzee wa Kimaasai akasogea. "Mimi amenipima mwili mzima. Mbona sijafa?"

"Wewe rudi kwa ng'ombe wako."

Tulifika Korogwe mchana. Askari alimfunga mkono wa kulia kwenye chuma cha kitanda, akasema anarudi, akageuza na gari lile lile. Tepu aliondoka nayo. Ufunguo pia.

Siku ya pili sindano ilikuwa imeanza kumtuliza. Alinitambua, akauliza kwa nini mkono umefungwa. Nikamwambia ufunguo umeondoka na askari. Vidole vilikuwa vimevimba kama maandazi. Nesi akapiga simu Handeni, kituoni alikotoka yule askari, akaweka sauti ya wazi ili nami nisikie.

"Ufunguo anao mwenyewe, yuko mapumzikoni. Mleteni mgonjwa huku, tutafute namna ya kumfungua."

"Tumlete na kitanda?" akauliza nesi.

Simu ikakatwa. Nikaenda kwa polisi wa karibu na hospitali. Wakanisikiliza kwa adabu, wakanipa na kiti. Pingu ile si ya kwao, wakasema. Hawawezi kugusa mali ya kituo kingine. Nilikaa kwenye kiti hicho nikifikiria kwamba mkono nao ni mali ya mtu.

Siku ya tatu tulimwita fundi wa mageti. Alikuja na msumeno wa chuma, akakata taratibu, ananong'ona, "Pole, fundi mwenzangu, usitikisike." Mdogo wangu hakutikisika. Chini ya pingu ngozi ilikuwa imefunguka.

Daktari akasema jeraha la namna hiyo linahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Nikapanda basi hadi Handeni kuiomba kwa waliomjeruhi.

"Kajeruhiwa na nani?" akauliza wa mapokezi.

"Na pingu yenu."

"Pingu si mtu, mama. Hapa tunaandika mtu."

"Basi andika aliyeifunga."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia pingu iliyokatwa ni mali ya serikali, na kwamba lipo jalada la kumshambulia askari. Tepu ni kielelezo. Niliomba kuiona. Alinionyesha: imekunjwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki, na maelezo juu yake. Tepu iliandikiwa karatasi siku ile ile. Mkono haujaandikiwa hadi leo.

Najilaumu, ndiyo. Lakini nimekwisha kuchoka kujilaumu peke yangu kwa kuomba msaada mahali panapoitwa pa msaada.

Jeraha lilipona. Vidole viwili na gumba havijarudiwa na hisia. Sindano ya kushonea humtoka bila yeye kujua. Cherehani imefunikwa khanga. Kila mwezi namfuata Kwaluguru kwa ajili ya kliniki, na sasa tunapanda basi wawili tu, bila askari, namwambia kondakta kwamba ni mguu unamsumbua. Tukipita mbele ya kile kituo cha polisi, yeye hugeuza kichwa dirishani.

"Dada, tepu yangu wameshamaliza nayo?"

Jalada halijafungwa. Mahakamani halijapelekwa.