Kisima Kilichofukiwa Mapema

Kisima cha uani kwetu kilifukiwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, pale Iringa. Mnyapara wa mradi wa maji ya bomba alikuja na vibarua na mkokoteni wa kifusi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza, akasimama mbele yao.

"Mwanangu, subiri kwanza bomba litoe maji."

"Mama, amri ni kufukia kwanza. Visima vinaleta maradhi. Maji yanakuja mwezi huu huu."

Mtaa wetu ukajengewa nguzo ya saruji yenye koki ya shaba. Siku ya kuifungua walileta tarumbeta. Koki ikakoroma, ikatema maji ya kutu yasiyojaa kikombe, ikanyamaza. Pampu waliyonunua haikuweza kupandisha maji mpaka huku kilimani. Wakachimba barabara upya, wakang'oa mabomba, wakalaza mengine mapana zaidi. Pampu ikabaki ile ile.

Nikawa nashuka mtoni Ruaha mara mbili kwa siku, debe kichwani, na mimba ya miezi saba.

Kiangazi kilipokolea, mama mkwe akashikwa na tumbo la kuhara. Mume wangu alikuwa Chunya, amepeleka nguo za kuuza. Maji niliyoteka hayakutosha kumnywesha, kumwogesha na kufua mashuka. Nikienda mtoni, anabaki peke yake akiniita. Nikibaki, hana cha kunywa.

Siku ya tatu nilichukua jembe nikaanza kufukua kisima.

"Acha, mwanangu," alisema kutoka chumbani. "Utaharibu mimba."

"Maji yapo hapa chini, mama. Yapo hapa hapa!"

Nilichimba nikilia, nikatoa mawe, chokaa na vipande vya matofali, mpaka shimo likanifika kiunoni. Jirani yetu, fundi cherehani, akaja akaninyang'anya jembe. Mkewe akaleta birika la maji. Mama alikunywa mafunda mawili.

Alifariki alfajiri. Waoshaji waliponiomba maji, nilikuwa sina. Wanawake wa mtaani wakachangia, huyu jagi, yule kata moja.

Mume wangu alirudi tukiwa tumeshazika. Alikwenda uani, akakaa ukingoni mwa shimo mpaka adhana ya magharibi. Mwaka uliofuata, vibarua walipokuja kuipaka rangi ile nguzo, sisi tulikuwa tunafunga mizigo, na mtoto wetu mgongoni, tuhamie Mbeya.