Kompyuta Iliyonichelewesha Mimi Tu

Kuna mwaka nilikuwa namaliza rozari nzima kazini kabla kompyuta yangu haijafunguka. Naandika jina, naandika neno la siri, kile kiduara kinaanza kuzunguka, natoa rozari kwenye pochi. Fungu la kwanza, kinazunguka. Fungu la tatu, bado. Nikifika Salamu Malkia ndipo inafunguka, na kwenye benchi wageni wananitazama kama vile nawaombea wao.

Nilikuwa mapokezi kwenye ofisi moja hapa Bariadi. Pale nilianza kwa kufagia. Baadaye nikaenda masomo ya jioni, mtoto mgongoni, daftari kwenye kikapu cha mboga, mpaka nikajua kuchapa barua bila kutazama vidole. Kile kiti nilikipigania. Kwa hiyo bosi aliponiita siku ya Jumatano akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu mwenzangu wa masjala atakaa mapokezi, mimi niende chumba cha nyuma kwenye mafaili, nilimuuliza kosa langu. Alisema wananchi wanalalamika kwamba mama wa mapokezi ni mzito. Nikamwambia mzito si mimi, ni kompyuta. Akasema kompyuta zote zilinunuliwa siku moja na za wenzangu zinafunguka fasta.

Nikaita fundi wa kompyuta. Akatafuta virusi, hakuna. Akachomoa waya, akachomeka, akapuliza vumbi likaniingia machoni, akasema labda ni umri.

Nikamuuliza, "Wa kompyuta au wangu?"

Akajifanya anatafuta bisibisi yake.

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa anatuambia kitu kikikusumbua, badilisha jambo moja tu, uangalie, halafu ubadilishe lingine. Alhamisi nikamwomba mwenzangu tubadilishane. Akaja akakaa kwenye kiti changu, akajinyoosha, akakijaribu mpaka kikalia, maana alijua Jumatatu ni chake. Akaandika jina lake kwenye kompyuta yangu. Kabla hajakunja nne, imefunguka.

Mimi nikaenda masjala, nikaandika jina langu kwenye ya kwake. Kiduara. Nimesali, nimemaliza, nimeanza litania, kiduara.

Mwenzangu akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni. "Dada, ubovu hauko kwenye mashine. Unatembea na wewe."

Halafu akanisogelea akanong'ona kwamba kuna mzee huko Mwanhuzi anaondoa mambo ya namna hiyo, na hana maneno mengi. Nikamwambia mimi nimebatizwa na siwezi kupanda basi kwenda kwa mganga kwa ajili ya kompyuta. Ila Mungu anisamehe, alipotoka nilinyunyiza maji ya baraka kwenye kibodi. Kidogo tu, mbali na waya.

Kiduara kikaendelea.

Lakini lile neno lake lilinikaa. Kama ubovu unatembea na mimi, basi kuna kitu nimekibeba. Nikampigia fundi nikamwambia hivyohivyo. Akaniuliza pale mbele kwenye kioo, kompyuta ikishafunguka, nimeweka nini.

Nikamwambia nimeweka mizigo ya watu.

Sasa hapo lazima nieleze. Kwetu mtu akitoka Mwamapalala kuja mjini, ana mizunguko yake, mzigo anauacha kwa ndugu. Unaupokea, huulizi una nini ndani, na huendi kuuchanganya na majembe stoo. Unauweka sebuleni, mwenyewe akirudi auone. Basi watu walipojua kwamba nina kompyuta wakaanza kuja na flashi. Mayu, mama yangu, nitunzie video ya harusi, simu imejaa. Dada, nitunzie kipaimara cha mtoto. Shangazi mmoja aliniletea ng'ombe wa mahari wa binti yake, wamepigwa video mmojammoja wakiingia zizini, kila ng'ombe na muda wake. Wote nikawapokea, na wote nikawaweka mbele kabisa, maana mgeni humfichi chumbani.

Fundi alicheka mpaka nikasikia simu inaanguka. Alipoiokota akanieleza kwamba kompyuta zetu kila zikizimwa zinafuta vitu vyetu, na zikiwashwa kila mtu akiandika jina lake, vinavutwa upya kutoka kwenye kompyuta kubwa ya ofisi. Wa masjala anavutiwa barua mbili tatu. Mimi navutiwa harusi kumi na moja, misiba, kwaya na zizi zima la ng'ombe. Popote nitakapokaa, vinanifuata.

Kufuta vitu vya watu nilishindwa. Ijumaa asubuhi nikawapigia wenyewe waje na flashi. Wakaja, salamu za kwetu, mwangaluka mayu, mhola, huku na huku, kila mtu akabeba chake. Ukabaki mzigo mmoja, mkubwa kuliko yote ikiwekwa pamoja. Nikauangalia vizuri, nikajitengeneza kitambaa kichwani, nikaenda kugonga mlango wa bosi.

"Bosi, nimepata kinachonifanya niwe mzito."

"Enhe."

"Ni wewe."

Akavua miwani. Nikamkumbusha jubilei ya ndoa yake, siku mbili nzima za video, aliyoniletea mwenyewe nimtunzie ili watoto wake wasije wakairusha kwenye magrupu. Mle ndani kuna pale alipocheza mpaka mkanda wa suruali ukakatika. Sikumtajia mkanda. Nilisema tu "ile sehemu ya muziki", akainuka kwenda kufunga mlango.

Akaniomba nyingine zote aondoe, hiyo sehemu fupi niendelee kumtunzia.

Nikamwambia, "Hapana bosi. Yote, halafu uje uangalie mwenyewe ninavyofungua."

Akatoa flashi kwenye droo. Mzigo ulipohama nikazima, nikawasha, yeye amesimama nyuma yangu na benchi limejaa watu. Nikaandika jina. Nikaandika neno la siri. Alikuwa ndiyo kwanza anakohoa asafishe koo, ikafunguka.

Akatazama kompyuta, akatazama benchi, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Jumatatu mapokezi panabaki kama palivyo. Akaondoka na flashi yake ameikumbatia kwenye kiganja.

Mwenzangu alikuwa ameshaleta mto wake wa kukalia na kikombe chake, ameviweka pembeni ya meza yangu tangu asubuhi. Nikamsaidia kuvirudisha masjala. Yeye alibeba kikombe, mimi nikabeba mto, na njiani nikaupiga vizuri kutoa vumbi.