Tundu la Saba

Jina la Mama Keekee hakupewa kwa mapenzi. Wakerezaji wa karakana walimbandika mwaka ule alipotolewa kwenye ufagio akawekwa stoo ya zana, pale walipoona mwanamke aliyekuwa akizoa takataka zao za chuma sasa anawahoji dirishani. Keekee hutoboa, nao walimaanisha kwamba huyu akianza kukuuliza haachi mpaka atokee upande wa pili. Biti, ile ncha ya kutobolea uliyochukua jana, iko wapi? Imekatikaje? Ulikuwa unatoboa nini? Mtu alikuja kuchukua kifaa cha kazi ya dakika mbili, akaondoka baada ya robo saa jasho likimtoka. Yeye alipolisikia jina hilo hakununa. Alilivaa kama nguo ya kushonewa, na ilipofika miaka kumi hata mishahara ilipoitwa karani aliita, "Mama Keekee!" naye akaitika.

Karakana ile ilitengeneza vipuri vya mashine za kusaga mawe. Mabamba ya chuma yaliingia upande mmoja yakiwa mazima, yakatoka upande wa pili yamekatwa na kutobolewa. Mengine yalikuwa ya chuma laini, ya vifuniko na fremu. Mengine yalikuwa ya chuma kigumu, ya yale mataya yanayotafuna mawe, na hayo yalikuwa na kiburi: biti isiyo ya kiwango chake ilipiga yowe ikaungua.

Mama Keekee aliyajua hayo tangu enzi za ufagio. Hakuna aliyemfundisha. Aliinama kuzoa, macho yakisoma. Chini ya mashine moja alikuta nyuzi ndefu za chuma zimejisokota kama nywele, akajua hapo biti ina makali. Chini ya nyingine alikuta chenga zimegeuka buluu, akajua hapo mtu anachoma kifaa na bado hajasema. Alipokabidhiwa stoo alinunua daftari, akaipa kila biti namba yake, akawa anaandika imetoboa matundu mangapi kabla ya kurudi kunolewa. Wakerezaji walicheka. "Sasa biti nazo zina vyeti vya kuzaliwa!" Alijibu kwamba na vya kufa zinavyo, tena vina majina ya wauaji.

Basi akaja ofisa ununuzi mpya, kijana mtanashati, mwenye shati lisilojua jasho. Wafanyakazi walimwita Bwana Punguza, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Mwezi wake wa pili alileta maboksi ya biti mpya, zinang'aa kama dhahabu, akaagiza zitumike kwa kazi zote.

"Mama, bei ya biti moja ya zamani inanunua nne za hizi," alimwambia dirishani.

Mama Keekee alichukua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akavuta mdomo. "Rahisi ghali, mwanangu."

"Hiyo methali, mama. Mimi naongea hesabu."

Neno lile lilimchoma kuliko alivyotaka kukiri, maana kijana alisema kweli. Hakuwa na hesabu ya biti zile, alikuwa na dharau tu. Alinung'unika, akasonya, akawaambia wote waliopita dirishani kwamba hizo ni pambo la krismasi. Lakini alizitoa. Amri ni amri.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, biti moja ilivunjika mikononi mwa mtoboaji waliyemwita Kimya. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, fundi hodari, asiyesema neno mpaka alipime. Alikuwa anatoboa bamba la chuma kigumu. Biti ililia, ikakatika, kipande kikaruka kikapita chini ya ukingo wa miwani yake, kikampasua shavu kidole kimoja chini ya jicho. Mama Keekee ndiye aliyefika kwanza, akamkandamiza jeraha kwa taulo safi huku akiwapigia wengine kelele wazime mashine. Hospitali walimshona nyuzi tano. Jicho lilipona kwa kudra tu.

Siku ya pili Kimya aliambiwa abaki nyumbani kusubiri barua ya kuachishwa kazi. Siku ya tatu Mama Keekee akaitwa ofisini.

Meneja wa karakana alikuwa mtu mpole mwenye mambo mengi. Bwana Punguza alikaa kando yake. Mezani palikuwa na fomu.

"Mama, saini hapa chini," meneja alisema, akimsogezea kalamu. "Ni utaratibu tu."

Alivaa miwani akaisoma taratibu, tena kwa sauti. "'Kifaa kilikuwa kizima na kinafaa kwa kazi. Ajali ilitokana na uzembe wa mtoboaji.'" Akavua miwani. "Nani alikipima?"

"Kipi?"

"Kifaa. Hapa pameandikwa kinafaa. Nani alikipima akaona kinafaa?"

"Kiwanda kilichotengeneza kimepima," Bwana Punguza alidakia. "Boksi lina muhuri."

"Muhuri wa boksi hautoboi chuma. Hapa kwetu nani amepima?"

Meneja alijipapasa paji la uso. "Mama, bila saini yako fomu haiendi mbele."

"Basi na ikae."

"Una mpaka Ijumaa," meneja alisema, na upole wake ulikuwa umepungua. "Ukishindwa, tutatafuta mtunza stoo anayejua kushika kalamu."

Alirudi nyumbani anafoka tangu mlangoni. Mumewe alikuwa kinyozi. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa saluni, chenye kioo kimoja kirefu na kiti kinachozunguka upande mmoja tu. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho huku akisafisha mashine yake ya kunyolea kwa kiburashi.

"Yaani wembe wangu ukimchana mteja shingo," alisema, "nimwandikie barua kwa kosa la kuwa na shingo?"

Mama Keekee alicheka mpaka machozi. Mumewe hakucheka naye. Alipuliza nywele kwenye meno ya mashine, akasema kwa upole, "Lakini mke wangu, biti ile alipewa na nani?"

Aliacha kucheka, akainuka kwenda jikoni. Alipika, wakala, akaosha vyombo, na muda wote ule alikuwa akiuona mkono wake mwenyewe ukipitisha biti dirishani. Alijua haifai. Alijua, na alichofanya ni kusonya.

Jumanne asubuhi hakungoja kuitwa. "Nataka kupima," alimwambia meneja. "Mashine moja, mtoboaji mmoja, mwendo ule ule, biti za zamani na hizi mpya. Chuma laini leo, chuma kigumu kesho."

"Mashine ina oda, mama. Sina siku mbili za kuchezea."

"Oda si ni ya mabamba? Mabamba yatatobolewa, niwepo nisiwepo. Mimi naomba kuhesabu tu."

Bwana Punguza, aliyekuwa amekaa kando, ndiye aliyejibu, akitabasamu, "Mwache apime. Hesabu ndiyo ninayoitaka hata mimi."

Mtoboaji wa jaribio alikuwa Shoka, mtu wa mabega mapana, rafiki wa Kimya wa chanda na pete. Alipokuwa akifunga bamba mezani alimwinamia Mama Keekee sikioni. "Usihofu. Hizi mpya nikizilalia kidogo kwenye mpini, hata matundu kumi hazifiki."

"Ukizilalia nitaandika kwamba umezilalia."

Shoka aliduwaa. "We mama, uko upande wa nani?"

"Upande wa tundu. Washa mashine."

Alichora mstari kwa chaki sakafuni pale pa kusimama, akatundika saa ukutani, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Mafuta ya kupozea, meupe kama maziwa, yalitiririka. Kila tundu alilipima kwa pini ya kipimo: pini ikilegea, tundu limepanuka, biti imechoka. Moyoni alikuwa ameshaamua: biti mpya ingekufa kabla ya tundu la hamsini.

Hamsini ikapita. Mia ikapita, nyuzi za chuma bado zinajisokota vizuri, ndefu, nyeupe. Wafanyakazi waliokuja kushangilia walianza kurudi mmoja mmoja kwenye mashine zao. Ilipofika mia na sabini ndipo pini ilipolegea. Ya zamani ilifika mia mbili na kumi. Mama Keekee alipiga hesabu kwenye daftari, akaipiga tena. Kwenye chuma laini zote zinanoleka, na kabla ya kunolewa biti nne mpya zingetoboa mia sita na themanini, kwa bei ile ile ya moja inayotoboa mia mbili na kumi.

Bwana Punguza alikuwa amesimama nyuma yake. "Rahisi ghali, eti mama?"

Uso ulimpanda moto. Aliandika namba zile kwa herufi kubwa ili kesho asije akajidanganya kwamba hakuziona vizuri, akamgeukia. "Kwa chuma laini umenishinda, na umenishinda kwa mbali. Niliziita pambo, nimekosea. Kesho njoo na kigumu."

Usiku ule mumewe alimuuliza imekuwaje, akasema tu, "Nimepigwa," akavuta shuka.

Kesho yake meneja alikuja mwenyewe. Mama Keekee aliagiza mashine izungushiwe kioo kinene cha kinga, na Shoka avae ngao ya uso mzima. Bamba la chuma kigumu likafungwa. Biti mpya ya kwanza ilianza kulia kwenye tundu la tatu. Kwenye la tano chenga zilikuwa buluu. Kwenye la saba ncha ilikuwa imeungua, nyeusi kama njiti ya kiberiti. Ya pili ilifika tisa. Aliichukua ile ya kwanza akainoa mwenyewe kwenye jiwe, mbele yao, kwa pembe ile ile anayonoa zote. Ikatoboa mawili, ikaungua tena. Ya tatu ilifika tundu la sita, ikapiga yowe, ikakatika.

Kipande kiligonga kioo cha kinga kama risasi. Bwana Punguza aliruka nyuma hatua mbili, mkono umekwenda shavuni wenyewe. Hakuna aliyecheka. Shoka alizima mashine, wakabaki wanatazama ule ufa uliochanika kwenye kioo, pale pale usawa wa uso wa mtu.

Ya zamani ilitoboa sitini na moja. Alipoinoa ikatoboa hamsini na nane.

"Nne kati ya hizi mpya," alisema, kalamu ikienda, "zinakupa matundu kama thelathini kwenye chuma kigumu, halafu ni za kutupa. Moja ya zamani inakupa sitini, na baada ya hapo unainoa mara tano, mara sita. Na kila unapobadilisha biti mashine inasimama dakika kumi. Nimezipima kwa saa ile pale. Hapo sijamtia Kimya. Uso wake sijui unapigwa hesabu vipi."

Ijumaa alipanda ofisini na karatasi yake mwenyewe. Fomu ya meneja ilikuwa bado mezani, kalamu juu yake. Aliisogeza kando, akasoma alichoandika: matundu, dakika, chuma laini, chuma kigumu. Mwishoni palisema hivi: "Mtoboaji hakuzembea. Alipewa kifaa kisichofaa kazi aliyopangiwa. Kifaa hicho nilikitoa mimi, kwa mkono wangu, nikijua moyoni hakifai, na nilipinga kwa mdomo badala ya kuandika." Chini ilikuwa saini yake, kubwa, yenye mkia.

Meneja aliichukua karatasi. "Unajua umejiandikia kosa?"

"Nimeandika kilichotokea. Kosa mtaligawa nyinyi wenye ofisi, ila hakikisheni kila mmoja anapata fungu lake."

Bwana Punguza, kando ya meneja, aliivuta ile karatasi akaanza kuzisoma namba upya.

Barua ya Kimya haikuandikwa kamwe. Jumatatu ya pili alirudi kazini, shavu lina mstari mwekundu, na siku zote alizokaa nyumbani akalipwa. Amri ya kutumia biti mpya kwa kazi zote ilibanduliwa ubaoni, ikabandikwa nyingine: chuma laini mpya, chuma kigumu za zamani. Na Mama Keekee naye akapata barua. Ilikuwa ya onyo, kwa "kukaidi maagizo ya uongozi".

Aliisoma amesimama, akapanda nayo ngazi hadi kwa meneja.

"Onyo nalitaka," alisema. "Lakini hili si la kwangu. Kukaidi sikukosea, na ningekaidi tena kesho. Kosa langu ni kutoa kifaa kibaya bila kupinga kwa maandishi. Niandikieni hilo, nitasaini sasa hivi."

"Mama, onyo ni onyo!"

"Aa. Hata mwizi wa kuku hafungwi kwa kuiba ng'ombe."

Meneja alijaribu kukasirika, ikamshinda. Barua ikachapwa upya, kosa likawa lile lile alilolitaja mwenyewe. Alisaini kwa mkia ule ule.

Jioni yake Kimya alikuja dirishani. Alipima neno lake kama kawaida yake, mwisho akasema, "Nimesikia umejitaja."

"Ndiyo, nilikupa mimi."

"Najua. Nilikuwa nangoja kuona kama utasema." Akampa mkono kupitia dirishani, akaushika kwa muda, akaenda zake.

Na Bwana Punguza hawakupatana, tusidanganyane. Kijana aliendelea kumsalimia kwa mdomo wa pembeni. Lakini mwezi uliofuata ulipofika wakati wa kununua misumeno ya kukatia mabamba, mhudumu alishuka stoo na boksi lenye misumeno mitatu ya viwanda vitatu tofauti. Juu yake palikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wa haraka wa yule kijana: "Kabla sijaagiza. Laini na kigumu, vyote viwili." Mama Keekee alikisoma, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akamwita Shoka aje na bamba.