Bima ya Mtu Mwenye Kazi

Mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja na kuvuka bahari kuja huku jangwani, dada yangu aliuza bangili zake za dhahabu, mumewe akanunua pikapu kuukuu. Shemeji alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo dereva nilikuwa mimi. Siku za kazi ningekuwa kambini kwa watu wa mafuta. Ijumaa ningebeba mizigo ya tende na mchele. Ndivyo tulivyopanga. Lakini kazi ya kambini nilikuwa nimeshaiacha. Kuhesabu mabomba juani kulinichosha, kama shule ilivyonichosha utotoni, na nyumbani sikusema.

Kwetu mwanamume hasemi kwamba hana kazi. Kila alfajiri hutoka, nguo zimepigwa pasi. Dada akinifungia mkate na samaki katika mkebe, nami nikienda kula bonde la Wadi Kabir, kivulini mwa jabali.

Mimi na shemeji tulikwenda mjini Matrah kukata bima ya gari. Karani alikuwa Mhindi aliyekulia Unguja.

"Dereva ana kazi?"

"Anayo," shemeji alijibu kwa fahari. "Yuko kambini."

"Basi bei yenu ndogo. Mwenye kazi, gari lake hulala wiki nzima. Asiye na kazi, bwana, huzunguka nalo mpaka tairi ziombe maji."

Shemeji alicheka. Nami nikacheka. Neno moja lingetosha. Bei ingepanda, aibu ingenimaliza, na gari lingekuwa na bima ya kweli.

Tangu hapo nikawa nalichukua kila siku, nyumbani nikisema naenda nalo kambini. Nilibebea watu mizigo, pesa nikazipeleka nyumbani nikiziita mshahara. Na kila nilipoona njia nisiyoijua, niliifuata nione inaishia wapi. Jumanne moja, saa nne asubuhi, nililipindua bondeni, nikabomoa ukuta wa bustani ya mtu na kumuua punda wake. Nyumbani nilisema kambini walinipa ruhusa siku ile.

Karani wa bima aliandika polepole.

"Jumanne. Saa nne. Wewe si uko kambini saa hizo?"

"Walimpa ruhusa," shemeji alinitetea.

"Vyema. Alete karatasi ya kambini, nami nnapeleka madai yenu leo hii."

Shemeji alinigeukia. "Haya, kailete."

Nilitazama viatu vyangu.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu mwezi wa Mfungo Tatu, kabla ya gari."

Karani alilifunga jalada bila ya kututazama.

Njia nzima nilingoja shemeji anitukane. Alitangulia tu, akipapasa kuta kwa kiganja. Pikapu iliuzwa kama chuma chakavu, tukamlipa mwenye punda.

Jumamosi alfajiri nilimsikia dada akifunga mkebe. Nikanyoosha mkono.

"Si wako," alisema.

Shemeji alikuwa mlangoni, kanzu imepigwa pasi, akingoja mtu wa kumshika mkono hadi kwenye gari la kambi. Alikuwa amepata kazi ya kubeba mabomba.

"Na macho yako?" nilimuuliza.

"Huko hawataki macho," alisema. "Wanataka bega."